Pwani Iliyohamia Bonde la Ufa

Mkazi wa Nakuru, jiji lililo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, alizoea kumwonea kijicho mwenzake wa Mombasa kwa sababu ya pwani, mpaka Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kuyatoa maji yake, lilipoanza kufura katika miaka ya 2010 na kumletea ufuo mlangoni bila nauli. Faida za hali hiyo hazibishiwi, kwani hata lango kuu la mbuga ya wanyama inayolizunguka ziwa hilo, mahali pa kulipia kiingilio, nalo lilivamiwa na maji. Kasoro ni chache: vyoo vya shimo hufurika, na heroe, yaani flamingo, ambao hula mwani unaostawi katika maji ya magadi, walihamia Ziwa Bogoria kwa wingi Ziwa Nakuru lilipozimuliwa na maji matamu. Mtaani Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha ambalo nalo lilifura, mashua imewahi kufika penye nyumba za watu, na kiboko naye hupita bila kubisha hodi. Hatimiliki za viwanja, hata hivyo, bado hazitaji kina cha maji.