Barua ya Wazi kwa Ikulu ya Marekani

YAH: PONGEZI KWA KUONGEZA MIMBA ZINAZOTOLEWA AFRIKA

Waheshimiwa wahusike na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu Agosti 1984, serikali ya Ronald Reagan ilipoitangaza Kanuni ya Mexico City, Ikulu hiyo imekuwa ikiiwasha na kuizima kama taa ya barazani. Clinton aliizima 1993, Bush akaiwasha 2001, Obama akaizima 2009, Trump akaiwasha 2017, Biden akaizima 2021, na Januari 2025 Trump akarudi kwenye swichi. Sharti ni hili: shirika la kigeni linalopokea msaada lisitoe mimba, lisimwelekeze mwanamke pa kwenda, wala lisidai sheria ilegezwe, hata kwa fedha zake lenyewe. Dola za Marekani zilikwisha kukatazwa kulipia kazi hiyo tangu 1973. Kilichobaki kufungwa kilikuwa mdomo.

Waheshimiwa walifunga na milango. Baada ya 2001, Family Planning Association of Kenya na Marie Stopes waliokataa sharti hilo walikatiwa fedha, na kliniki kadhaa zikafungwa, mojawapo Mathare, Nairobi. Huko wanawake walipimwa saratani ya shingo ya kizazi na watoto wakachanjwa. Mwenye uwezo alikwenda kununua sindano yake ya kuzuia mimba ya miezi mitatu kwenye duka la dawa. Asiye nao aliacha, mwezi wa nne ukaingia.

Hesabu zilikuja 2019. Nina Brooks, Eran Bendavid na Grant Miller wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza nchi 26 za Afrika kusini mwa Sahara na kuchapisha matokeo katika The Lancet Global Health. Enzi za Bush, katika nchi zilizotegemea sana msaada huo, utoaji mimba ulipanda kwa takriban asilimia 40 ukilinganishwa na nchi zisizoutegemea sana. Matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango yalishuka kwa asilimia 14, mimba zikaongezeka kwa asilimia 12. Obama alipoifuta kanuni, mwelekeo ukageuka. Mwanaharakati gani wa kutetea utoaji mimba, hata awe na bajeti nono namna gani, amewahi kufikia rekodi ya wapinzani wake hawa?

Wala hawajabweteka. Mwaka 2025, baada ya kulivunja shirika la USAID, ilibaki shehena ya dola milioni 9.7 katika ghala la Geel, Ubelgiji: vijiti, sindano, vitanzi na vidonge vya kuzuia mimba, vyote vimekwisha kulipiwa na walipakodi wa Marekani, baadhi vikiwa na muda hadi 2031. Mashirika yaliomba yapewe bure, yasafirishe yenyewe. Jibu likawa kwamba viteketezwe, kwa gharama ya dola 167,000. Msemaji wa serikali ya Marekani alieleza kuwa ni dawa za kutoa mimba, ingawa ndani ya shehena hiyo hamkuwa na hata moja. Kwa maelezo ya shirikisho la uzazi wa mpango la IPPF, Tanzania peke yake ilikuwa ikisubiri sindano zaidi ya milioni 1 na vijiti 365,100.

Waheshimiwa hawana haja ya kujua yanayofuata, maana hayatokei Washington. Nchini Tanzania sheria inaruhusu kutoa mimba pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na mwanamke anayeitoa kinyume cha hapo anaweza kufungwa hadi miaka 7. Kwa hiyo anakwenda kwa siri, kwa yeyote anayemudu kumlipa, na hospitali ya serikali humwona akishavuja damu. Kumtibu hapo kunagharimu zaidi ya sindano ile.

Nakala ya barua hii inapelekwa Dodoma na Nairobi, ambako kila mwaka wa fedha hotuba za bajeti husifu afya ya mama na kuacha sehemu kubwa ya vijiti na vitanzi mikononi mwa wafadhili. Waheshimiwa wa huku wanaombwa watenge fedha za ndani, na zitoke Hazina kweli, ili rafu ya zahanati ya Kahama isingoje uchaguzi wa Marekani.