Maji Yaliyotulia Yana Wenyewe

Video ilifika Kakamega kabla yangu. Matatu ya Kisumu iliponishusha stendi, mama anayeniuzia omena aliinua macho kutoka kwenye simu, akanitazama, akarudi kwenye simu, akanitazama tena. "Baba," akasema kwa heshima zote, "kule baharini ulikuwa unavua, ama ulikuwa unavuliwa?"

Nikamuuliza video gani. Akanionyesha. Mtu mzima, kaptula imemganda mapajani, amebeba ubao mrefu kichwani, anatembea ndani ya maji ya kifua chini ya ukuta wa hoteli. Wimbi linambamiza ukutani, linamvuta, linambamiza tena. Aliyeirusha ameitia ngoma ya isukuti, na mtu huyo ni fundi, maana kila ninapogongwa ninagongwa kwenye mdundo. Kufikia jioni ilikuwa imeshapita kundi la ukoo, kundi la kanisa na kundi la wapenzi wa fahali wa Khayega. Senje, yaani shangazi yangu, ambaye hajaiona bahari tangu azaliwe, alipiga simu kuuliza lile jeneza lilikuwa la nani.

Naomba nisikilizwe. Nilikuwa natafuta maji yaliyotulia, basi. Kuna mchezo wa kusimama juu ya ubao na kupiga kafi. Unapanda, unasimama, unashika kafi ambayo mpini wake unakupita kimo, unachota maji kushoto, unachota kulia, ubao unateleza. Uenezi wake unaanzia Hawaii, na katika kila picha niliyoiona maji yamelala, jua linazama, na aliyesimama juu ya ubao hana tumbo wala madeni. Kitu cha namna hiyo ndicho nilichokifuata Diani, Agosti, wakati shule zimefungwa, mimi na mama watoto na watoto wenyewe.

Diani ina mwamba. Umelala mbele ya ufuo, sambamba nao, na mawimbi ya bahari kuu yanavunjikia huko nje, povu jeupe ukilitazama kutoka ufukweni. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kijani yanayoonekana kama yametengewa watoto. Kijana aliyenikodisha ubao aliniambia, "Bahari iko poa, boss." Na kwa hapo tulipokuwa tumesimama, nyuma ya minazi, ilikuwa poa.

Asichonieleza kijana ni jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kila ubao wa namna ile: ukishasimama juu yake, wewe ndiye tanga. Mtumbwi una ubavu, una uzito, umezama kidogo majini. Ubao huu umejazwa hewa, unaelea juu kabisa, chini una pezi dogo tu, na juu yake amesimama mtu wa kilo zake na fulana pana. Upepo hauna haja ya kutafuta kitu kingine cha kushika. Unashika kifua chako, na ubao unafuata.

Na upepo wa Agosti ni kusi. Kusi huanza kushika kuanzia Aprili, huvuma hadi Septemba au Oktoba, kutoka kusini na kusini-mashariki, na ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi baada ya kuletwa huku na kaskazi. Karne na karne za biashara ziliendeshwa na upepo huo. Haukushindwa na jahazi lenye shehena ya boriti za mikoko, sembuse mimi. Kwetu hata fahali wa kupigana hutangulizwa na ngoma na tarumbeta, una nafasi ya kupanda mti. Kusi ilinijia mgongoni bila hodi. Nilipiga kafi kushoto, nikapiga kulia, nikapiga kushoto mara nyingi mfululizo, na minazi ya Diani ikaendelea kupita upande mmoja tu.

Nikakaa kitako. Nilipita hoteli watu wakila mayai. Nikapita hoteli nyingine watu wakifanya yoga. Mtoto mmoja wa Kizungu alinipungia mkono, nikampungia, maana mtu aliyekaa kitako juu ya maji na kafi mapajani hana budi kuonekana amekusudia. Niliwaza Maskati. Nilihesabu kwamba kama hakuna kitakachonizuia, na nikiwekewa chakula njiani, nitafika kabla kaskazi haijaanza.

Kilichonizuia ni kukosekana kwa maji. Karibu na Kongo, kule mto Mwachema unakoingia baharini na ule msikiti wa kale wa mawe umesimama kwenye mibuyu, pezi liligusa mchanga, ubao ukakwama, na maji yakaendelea na safari bila mimi. Hapo ndipo nilipoyapata yale yaliyotulia niliyoyatafuta. Yalitulia hasa, hata kunyanzi halikuonekana juu yake, ila yalinifika kwenye kifundo cha mguu.

Mzee mmoja wa Kidigo alikuwa akirekebisha dema, mtego wake wa samaki, pale mchangani. Alinisubiri nifike.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjomba. Umetoka wapi?"

"Kakamega."

"La, nauliza leo asubuhi."

Nikamwonyesha kusini, mbali. Akatazama, akatikisa kichwa taratibu. "Na leo mwezi ngapi?"

"Agosti."

"Hiyo kalenda yako. Nauliza mwezi."

Sikuwa nimeutazama. Nani hutazama mwezi akienda likizo? Mzee akaweka dema chini na kunipa somo ambalo tangu siku hiyo limeniharibia usingizi, kwa sababu kila usiku lazima nitoke nje niangalie juu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku ya mwezi, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Kwa kuwa mwezi nao unasogea, kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja: hiyo ni bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, na katika pwani hii ya Mombasa tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwake na mwezi unavuta kwake: hayo ni maji mafu, na tofauti hubaki kama mita 1 tu.

Halafu akaniambia jambo lililonifanya nikae chini. Kwa kuwa mwezi ndio wenye saa, bamvua ina saa zake zisizobadilika mahali pale pale. Pwani hii, siku ya bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi hivi, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Babu yake alijua hivyo, na jedwali la bandari ya Kilindini linasema hivyo hivyo. Sisi Kakamega tumefundishwa shuleni kwamba mji wetu uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Usawa upi? Nimekaa nao kutwa nzima na haukutulia mahali pamoja hata kidogo.

Kwa hiyo anayetaka maji yaliyotulia ndani ya mwamba wa Diani, alisema mzee, angoje maji mafu, aingie saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakipanda polepole, mwamba ukiwa bado unavunja mawimbi na chini kuna kina cha kutosha pezi lisikwaruze wala mguu usikanyage miiba ya viumbe weusi walioko kwenye mawe. Na aje kati ya misimu, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, Oktoba na mwanzo wa Novemba, au Machi, kaskazi ikilegea na kusi haijashika. Ndipo bahari hulala.

Nikafanya hesabu pale pale. Oktoba watoto wako darasani. Mwanzo wa Novemba kuna mitihani ya kitaifa. Machi wako darasani. Wanafunga Aprili, mvua za masika zinapoanza na kusi inapoingia. Wanafunga Agosti, kusi ikiwa na nguvu zake zote. Desemba wako nyumbani, kaskazi ikishika. Waliopanga kalenda ya shule za nchi hii wamefanikiwa kuwazuia wazazi wote wa bara wasiyaone maji ya bahari yaliyotulia mpaka mtoto wa mwisho amalize sekondari.

Sasa safari ya kurudi, ambayo ndiyo iliyonipa umaarufu. Mzee alinishauri nimsubiri mwanawe mwenye gari. Lakini ubao ulikuwa wa kukodi kwa saa, na saa zilikuwa zinakwenda, na gari la mwanawe lilikuwa Ukunda kwa fundi. Nikauweka ubao kichwani nikaanza kutembea kusini, usoni mwa kusi. Ubao wa kubeba una tabia ile ile ya ubao wa kupanda: upepo ukiupata kwa ubavu unakugeuza unakotoka. Nilikuwa natembea kisulisuli. Nikapumzika, nikanunua dafu, nikatembea, nikapumzika. Jua likageuka, na maji yakaanza kurudi, kama mzee alivyosema, yakiwa na miadi ya saa kumi.

Ufuo ukawa mwembamba. Kisha ukawa mwembamba zaidi. Kisha nikafika mahali ambapo upande wangu wa kulia ni ukuta wa mawe wa hoteli na upande wa kushoto ni Bahari Hindi, na katikati hapana kitu. Juu ya ukuta palikuwa na ngazi, geti dogo, na askari.

Nikamwangalia usoni, nikajua. Kila pwani ya nchi hii ina Mluhya getini au jikoni. "Mulembe!" nikapaza sauti.

"Mulembe muno," akajibu, uso ukamchangamka. Wa Shinyalu. Tukaulizana habari za mvua, bei ya mahindi, nani kazikwa. Maji yamenifika magotini.

"Sasa ndugu yangu, nifungulie nipite bustanini nitokee barabarani."

Akakunja uso kwa huzuni ya kweli. "Ningekufungulia, wallahi. Lakini kazi ni ya watu. Geti ni la wageni wa hoteli."

Wakati huo huo wakapanda ngazi mume na mke, weupe, miguu wazi, bila kitambulisho, bila karatasi, bila kikuku cha hoteli mkononi. Akawafungulia, akawaambia karibu. Hawakuulizwa kama ni wageni wa hapo. Mimi niliulizwa mara tatu, kwa lugha ya mama yangu.

Hapo kicheko kiliniishia, na bado hakijarudi chote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Maana yake mimi mkazi wa Kakamega nina kiwanja Diani, mbele ya bahari, ambacho hakiuzwi wala hakikodishwi. Kiwanja hicho huonekana vizuri saa nne asubuhi siku ya bamvua. Ikifika saa kumi kiko chini ya maji, na mwenye kiwanja yumo ndani yake na ubao kichwani, kwa sababu kukifikia au kukitoka lazima upite kwenye ardhi ya mtu mwingine, na njia zilizoachwa kwenye ramani kwa ajili hiyo nyingine zimeota geti, nyingine ukuta, nyingine mbwa. Wavuvi wanalijua hili kuliko mimi. Yule mzee wa Kongo aliniambia zamani alishuka baharini na dema begani moja kwa moja kutoka nyumbani. Sasa anazunguka.

Niliondoka. Nikaingia kwenye maji ya kifua. Mengine mmeyaona, na askari wa Shinyalu ana simu nzuri sana.

Siku zilizobaki sikukata tamaa. Kwenye hori ya Mida, Watamu, kati ya mikoko, nilifika maji yameondoka, pamebaki matope na kaa wanaonionyesha magando. Kilifi maji yalikuwa yamelala kweli, na mbao zote zimekodiwa na watu wa harusi. Ziwani Dunga, Kisumu, juu ya ubao wa kuazima, nilisimama wima bila kutikisika mbele ya familia yangu yote, kwa kuwa magugu maji yalikuwa yameushika ubao pande zote nne.

Mama watoto anasema mwaka ujao twende kwa kina mama yake, Vihiga. Mimi nimeshaandika siku za mwezi nusu kwenye kalenda ya jikoni na nimeulizia ruhusa ya Oktoba kazini. Kilichobaki ni kimoja. Msomaji unayeijua njia ya umma ya kushukia ufuo wa Diani isiyo na geti wala askari, hata kama ni wa kwetu, itaje hadharani, na utaje iko kati ya kuta zipi, ili tuipite sote kabla haijajengewa.