Bahari Si Kitu, Shida ni Lwisha

Mkwe wangu wa Montréal ni mtu wa hesabu. Binti yetu alipojifungua, mama yake akaitwa kwenda kumwogesha mjukuu, mkwe akanitumia ujumbe: "Papa, Likasi mpaka huku ni kilomita 11,700. Ndege inakata 900 kwa saa. Masaa 13 tu!"

Hiyo "tu" imenikaa tumboni kama bukari mbichi. Mkwe amepima njia ya kunguru, na kunguru haendi Kinshasa kutoa alama za vidole za viza. Mama watoto alikwenda, tena kwa ndege, kilomita 1,500 na ushei, maana barabara ya huko ni ya kusimuliwa tu. Kufika, saa yake ya mkononi imetangulia ya Kinshasa kwa saa nzima. Nchi moja! Nauli hiyo ingenunua mbuzi wangapi, sisemi. Halafu tukangoja viza miezi minne.

Kuna jambo huniuma kila nikikumbuka. Mgodi wa Shinkolobwe uko hapo jirani. Mwaka 1940 mawe yake ya urani, tani zipatazo 1,200, yalivuka Atlantiki yakashushwa New York. Hakuna aliyeyauliza, kama tulivyoulizwa sisi, yana akiba gani benki, wala yatarudi lini. Nayo hayakurudi.

Siku ya safari tuliondoka alfajiri, ndege ya saa nane mchana. Likasi mpaka uwanja wa ndege wa Luano ni kilomita kama 120, dakika nane kwa hesabu ya mkwe. Sisi tulitumia saa tano, nyuma ya kamyo za shaba zinazoelekea mpakani. Shaba nayo inakwenda kuvuka bahari, ila yenyewe haina haraka. Pale peaji dereva alishuka kutafuta chenji, akarudi na chenji na mahindi ya kuchoma. Mama watoto kapakata mfuko wa sombe kavu, kimya, anahesabu kamyo.

Aliwahi. Nikapunga mkono, nikageuka kurudi nyumbani, moyo mweupe.

Kufika Lwisha, kamyo la asidi limelala katikati ya njia. Huwezi kulipita kushoto wala kulia. Wauza maji na karanga walifika kabla ya polisi, kama kawaida; nadhani kuna anayewapigia simu. Jua likazama. Dereva akavua viatu, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Simu ikalia. Ni mama watoto.

"Papa, tumefika Addis Ababa! Walitupa kuku na wali. Weye uko fasi gani? Umekula?"

Kilomita 2,600 kashazila, na mimi sijamaliza hata 80.

"Niko karibu," nikamwambia. "Naona taa za Likasi."

Nilichokuwa naona ni makalio ya kamyo la chokaa.