Umeme Ulioanzia Chooni

Tochi huuzwa mchana. Hilo ndilo tatizo la kwanza, na mchuuzi wa mnadani Bariadi analijua kuliko mnunuzi. Saa saba, jua limesimama utosini, mchuuzi anabonyeza kitufe. Mnunuzi haoni chochote kilichobadilika duniani, kwa hiyo anaigeuza tochi na kuichungulia usoni. Kuanzia hapo hadi alasiri kila akifumba macho anaona vidoa vya kijani.

"Umeuona moto wake, kaka?"

Ameuona. Hawezi kukana, na pesa ameshatoa.

Karani mmoja wa kununua pamba aliondoka mnadani kwa njia hiyo akiwa na tochi nyeusi ya LED inayojaa kiganjani. Kasha lake lilisema lumeni 50,000. Balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikiangaza sebule nzima, hutoa lumeni zipatazo 800. Kwa hesabu ya kasha, karani alikuwa ametia mfukoni sebule sitini na mbili, na umeme wake wote unatoka kwenye betri moja.

Betri yenyewe ilikuwa ya aina iitwayo 18650. Namba hiyo si urembo: ni milimita 18 za unene na 65 za urefu. Ubavuni iliandikwa kuwa inabeba miliampia-saa 9,900. Viwanda vinavyoheshimika, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na kemia ya lithiamu, vimefika kama 3,500 hivi katika umbo hilohilo, na betri yao huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Karani ni mtu wa mizani. Akaipeleka kwa jamaa yake anayepima dhahabu. Jamaa akasoma, akaitoa, akapuliza sahani ya mizani, akairudisha.

"Bwana karani, betri yako imefunga?"

Ilikuwa nyepesi mno. Betri bandia za namna hii zimewahi kupasuliwa na mafundi sehemu mbalimbali duniani, wakakuta ndani seli ndogo imezungushiwa unga au mchanga ili bomba lijae. Karani alinyamaza kwa muda. Huyu ni mtu ambaye msimu mzima wa pamba kazi yake ni kuingiza mkono hadi begani ndani ya marobota ya wakulima, akisaka mchanga na maji vilivyotiwa kuongeza kilo. Hajawahi kushindwa kuunasa mchanga wa mkulima. Wa kwake aliununua, akaulipia, akauchaji.

Hakuwa peke yake, kama hiyo ni faraja. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, watafiti wakiwemo Evan Mills na Arne Jacobson walizifuatilia tochi za LED za bei rahisi nchini Kenya, wakakuta walio wengi kati ya watumiaji wamepata matatizo ndani ya miezi michache tu. Hofu yao ilikuwa kwamba mtu akishaumwa na tochi mbovu, hata nzuri hataiamini tena. Hofu hiyo ingeweza kupunguzwa na Bariadi, ambako mtu akishaumwa hurudi mnada unaofuata kununua nyingine ileile, safari hii ya bluu.

Pamoja na uongo wote wa kasha, tochi ya karani iliwaka, na iliwaka vikali. Hapo ndipo shida zilipoanza.

Kitufe chake kilikuwa makalioni, kimechomoza. Jumapili moja kanisani, katikati ya sala ndefu, paja la kulia la karani likaanza kupata joto. Aliposhusha macho aliona mfuko wa suruali yake ya kitambaa chepesi unang'aa. Mtoto aliyekaa karibu alikuwa ameshaacha kusali kitambo. Tochi kali iliyofungiwa mfukoni haina pa kupumulia. LED yenyewe huchemka, na joto lake husambaa kwenye bomba lote la aluminiamu. Dawa yake ni kulegeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko ili umeme ukatike. Lakini dawa hiyo hufanya kazi pale tu ambapo hesi zimepakwa ile rangi ngumu isiyopitisha umeme. Hesi za tochi ya karani zilikuwa aluminiamu tupu. Alilegeza, ikaendelea kuwaka. Akalegeza zaidi, chemchemi ya nyuma ikaruka hadi kwa wanakwaya.

Kisha kuna suala la noti. Mwanga mweupe wa LED kwa kweli ni wa bluu uliovishwa nguo: chembe ya bluu hupakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano, na jicho likichanganya linaona nyeupe. Bluu hiyo ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na wanastahili. Ila kwenye LED za bei ya chini wekundu hubaki haba, rangi zote zinazoelekea huko zinafifia pamoja. Noti ya shilingi 10,000 ni nyekundu, ya 2,000 ni ya kahawia. Karani alishuka kwenye bodaboda usiku, akamulika pochi, akalipa nauli, akaagana na kijana kwa heshima. Kijana naye aliaga kwa heshima kubwa kupita kawaida, na kwa kasi.

Tuje kwenye kitufe tena, maana ndicho chenye visa. Ukibonyeza mara moja, mkali. Mara ya pili, hafifu. Mara ya tatu, mmweko: inawaka na kuzima mfululizo, kasi ya kutia kizunguzungu. Msibani, umeme ulipokatika, aliombwa amulike daftari la rambirambi ili majina yasomwe. Kwenye ukali wa kwanza msomaji alilalamika macho. Karani akabonyeza kupata ule hafifu, kidole kikateleza mara mbili, na turubai zima la waombolezaji likageuka ukumbi wa disko. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Karani, harusi ni wiki ijayo."

Mmweko huo, hata hivyo, usidharauliwe. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia Kitengela, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua akiwa bado mtoto kwamba simba walikuwa wakiogopa tochi yake alipokuwa akitembea nayo kuzunguka zizi. Kumbe wanachoogopa ni mwanga unaohama. Akachukua balbu za tochi zilizoharibika na kifaa cha indiketa ya pikipiki, akaziunganisha na betri ya gari, ziwake kwa kupokezana usiku kucha, na mwaka 2013 akausimulia ulimwengu jukwaani TED. Kwa mfugaji wa Meatu au Itilima, anayepakana na Pori la Akiba la Maswa, mbonyezo wa tatu una maana. Kwa anayesoma daftari la rambirambi hauna.

Kilele kilifikiwa ukweni, Maswa. Choo cha shimo, nje, usiku wa giza. Kazi za chooni zinahitaji mikono miwili, na tochi ile haikuwa na kamba, wala haikuweza kusimama yenyewe kwa sababu ya kitufe kilichochomoza. Aliiuma kwa meno. Mbu akatua puani, karani akapiga chafya, na tochi ikaenda.

Haikuzimika. Kasha liliahidi kustahimili maji kwa kiwango cha IPX7, yaani mita moja kwa nusu saa, na kwa mara ya kwanza kasha lilisema kweli, japo kiwango hicho hupimwa kwa maji safi. Mwanga ulipanda juu kupitia tundu, ukapenya nyufa za mabati. Kipimo cha Marekani cha mwaka 2009, ANSI FL1, huhesabu muda wa tochi kuwaka mpaka mwanga unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo. Hakuna maabara iliyowahi kufanya kipimo hicho ikiwa na mashahidi wengi hivyo. Ukoo mzima uliamka kwa zamu, ukaenda, ukarudi ukinong'ona. Shemeji mmoja ndiye aliyesema kwa sauti: "Kijiji hiki umeme umeanzia chooni, hata nguzo hatujaziona." Baba mkwe alitoka nje, akaona jinsi uwanja ulivyopambazuka, akatoa salamu ya asubuhi: "Mwangaluka!" Ilikuwa saa tano usiku.

Wavuvi wa dagaa kule Busega wana sababu ya kutaka mwanga mwingi. Usiku usio na mwezi ndio unaowavuta dagaa kwenye taa, zamani karabai, siku hizi LED. Karani hana dagaa wa kuvuta. Anatafuta ndala chini ya kitanda. Kwa kazi hiyo lumeni tano zinatosha, na zaidi ya hapo ni hasara, maana jicho lililopigwa mwanga mkali huhitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa. Tochi aliyonunua baadaye huanza na mwanga hafifu, haina mmweko, kitufe chake kimezama, husimama wima mezani, na hula betri moja ya rimoti inayopatikana kila duka la kijijini. Usiku, sio saa saba mchana, ndipo alipoijaribu kabla ya kulipa. Imefungwa kamba, inaning'inia shingoni.

Mama mkwe, ambaye kwa adabu hakuwahi kuligusia lile jambo, aliitazama kwa muda mrefu alipomwona nayo.

"Na hii, baba," akauliza, "inazama, au inaelea?"