Saa Nane Dar: Mwongozo wa Msafiri Mwenye Ndugu Tabata

Umeshuka Dar es Salaam saa tano asubuhi ukitokea Mwanza, na ndege yako ya Muscat inaondoka saa moja usiku. Wazoefu watakushauri ukae palepale uwanja wa Julius Nyerere, ulalie begi lako hadi uitwe. Lakini ng'ambo ya pili tu iko Tabata, na Tabata yupo mama yako mdogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayeamini kwamba atakwenda kumsalimia mara moja na kurudi.

Kabla ya kutoka uwanjani

Soma tiketi yako ujue utapandia jengo lipi. Jengo la Pili lilifunguliwa mwaka 1984 na lilisanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyesanifu jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Jengo la Tatu lilizinduliwa Agosti 2019, na lilijengwa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Hayako chini ya paa moja. Jioni, ukiwa unahema, si wakati mzuri wa kuligundua hilo.

Kama hapo uwanjani unakutana na rafiki mgeni anayeunganisha ndege akitokea nje ya nchi, atalipia viza ya kupita, dola 30. Baada ya hapo dola zake zipumzike. Tangu Machi 2025 bei za ndani ya nchi hutajwa na kulipwa kwa shilingi, na muuza mihogo wa Tabata alikuwa akifuata kanuni hiyo hata kabla haijaandikwa.

Simu

Usiweke picha ya bawa la ndege kwenye status. Ukiiweka, shangazi wa Kimara ataiona, binamu wa Mbagala ataiona, na kila mmoja atataka kujua kwa nini umeanzia Tabata. Mpigie mama mdogo peke yake, tena ukiwa tayari ndani ya gari. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Mama mdogo, shikamoo. Nipo Dar, napita tu."

"Marahaba baba. Unapita tu kama treni ya mizigo? Umekula?"

Jibu lolote utakalotoa hapo halitabadilisha kitu. Mtu ameshatumwa sokoni.

Njia

Ukiwa Tabata unasikia ndege zikishuka, na ndiyo maana watu hudhani uwanja uko mlangoni. Katikati liko bonde la Mto Msimbazi, nalo linataka lizungukwe.

Njia ya kwanza ni kushika Barabara ya Nyerere kuelekea mjini hadi TAZARA, kwenye daraja la Mfugale lililofunguliwa Septemba 2018. Daraja ni la wanaonyoosha kwenda mjini. Wewe utapinda kushoto chini yake, uingie Barabara ya Mandela kwenye foleni ambayo wao wanaitazama kutoka juu. Utapita Buguruni, ufike Tabata Relini, ndipo uingie ndani: Bima, Shule, Barakuda, kuendelea. Njia ya pili ni kurudi nyuma kama unayekwenda Gongo la Mboto, ukate Banana kuelekea Segerea. Yeyote utakayempa lifti atakuhakikishia kwamba ile uliyoiacha ndiyo ilikuwa nyeupe leo.

Dereva wa bodaboda atasema ni dakika kumi. Hadanganyi, yeye hufika kwa dakika kumi. Kilichobaki kujulikana ni kama utafika naye. Ukipanda daladala, konda atalitazama begi lako na kuliona ni abiria. Usibishane naye, lilipie nauli.

Vivutio

Kipo kimoja, Tabata Dampo. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake hapo, na wakazi wakichoshwa na moshi, harufu na nzi. Mwaka 1988 waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, hadi hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990 dampo likafungwa kweli, likahamia Vingunguti, ng'ambo ya Msimbazi. Siku hizi taka za jiji huishia Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo ukifika Dampo hutaona kitu chochote cha kupiga picha, na hilo ndilo walilolipigania. Mwonyeshe rafiki yako mgeni, kisha mwendelee na safari.

Chakula

Tabata inasifika kwa baa, nyama choma na kitimoto kwa wanaokula. Muuza chipsi mayai anaweza kukuokoa kwa muda mfupi, lakini kula njiani kisha kufika kwa mama mdogo umeshiba ni kosa ambalo familia italikumbuka kwenye arusi na msibani.

Ukifika, mtafute kuku. Kama yuko jikoni, una matumaini. Kama bado anakimbizwa na watoto uani, hesabu saa mbili na nusu. Usiseme una haraka. Utaambiwa ndege huwa zinachelewa, na jirani ataitwa atoe ushahidi.

Mzigo

Hutaondoka mikono mitupu. Dagaa watafungwa kwenye mfuko wa plastiki aliouweka akiba tangu kabla ya tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini. Chupa ya asali ni ya mjomba wa Muscat. Begi lako kubwa lilishapokelewa asubuhi, kwa hiyo asali utaibeba mkononi, na mkononi hairuhusiwi kupita chupa ya zaidi ya mililita 100. Ipokee kwa mikono miwili, ushukuru. Kwenye ukaguzi mtaelewana na askari.

Kuaga

Anza kuaga saa nane ili utoke saa tisa na nusu. Utaagwa sebuleni, utaagwa mlangoni, kisha utasindikizwa hadi kituoni, na huko ndiko yanakoanzia mazungumzo muhimu. Kumbuka kwamba jioni mji mzima unatoka kazini, na wengi wanarudi Ukonga na Gongo la Mboto kwa barabara hiyohiyo unayoihitaji. Kumbuka pia kwamba viongozi nao hupanda ndege, na msafara wao ukipita wewe husimama.

Ukiachwa na ndege

Rudi Tabata, wala usipige simu kwanza. Kitanda kilishatandikwa tangu mchana na chakula cha usiku kilipikwa kwa hesabu yako. Ya tiketi mpya utajua mwenyewe.