Wimbo Umepatikana, Kanga Bado

Leeds, Uingereza

Kwenu nyote wa nyumbani, Ngamiani na Chumbageni, Tanga,

Mimi mzima, hofu ni kwenu tu, hasa kwa Mjomba, ambaye tangu nitangaze kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba natafuta wimbo wa video ananitumia nyimbo za Atomic Jazz alfajiri, adhuhuri na baada ya isha. Mjomba, shikamoo. Nimezisikia zote. Majirani zangu Waingereza nao wamezisikia zote.

Nianze kwa kurekebisha habari, maana nasikia Mama amewaambia watu kwamba natengeneza filamu. Si filamu. Chuo kimetugawa makundi, kila kundi litoe video ya muziki isiyozidi dakika tatu na nusu, na wimbo uwe ama una ruhusa ya maandishi, ama hauna mwenyewe tena. Kundini mwetu yumo kijana wa Kipolandi anayeshika kamera, binti wa Bradford ambaye wazazi wake ni Wapakistani, na Mwingereza mmoja mrefu ambaye mpaka sasa kazi yake ni kushika mwavuli. Walikubaliana upesi sana kwamba wimbo uwe wa Kiswahili, kwa hoja kwamba tukikosea maneno hakuna mwalimu atakayejua. Kazi ya kuuchagua nikabebeshwa mimi, nami nikawabebesha ninyi.

Mama, kaswida hapana. Kuna mtu atacheza.

Bibi, wako ndio tulioanza nao. Binti wa Bradford alipoisikia taarab ya Black Star na sauti ya Shakila alinyamaza, kisha akasema muziki ule unamkumbusha sinema za Kihindi anazotazama bibi yake. Nikamwambia hajakosea, wazee wetu wa Tanga nao walikuwa wakitoka sinema wanakwenda moja kwa moja mazoezini. Tungeishia hapo, kama Shangazi hangeleta taarab yake ya kisasa. Shangazi, wimbo wako una robo saa. Kinanda kilianza, gitaa likajibu, kinanda kikajibu majibu, na dakika tatu na nusu zilipotimia mwimbaji ndiyo kwanza anasogelea kipaza sauti, bado anatengeneza mtandio. Isitoshe, nyumba nzima inajua kwamba wimbo ule hukuuchagua kwa ajili ya masomo yangu. Uliuchagua kwa ajili ya mama wa nyumba ya pili.

Hata hivyo wenzangu waliitazama video yake yote, kwa sababu ya kutunza. Hawakuelewa kwa nini wanawake wanainuka mmoja mmoja na kwenda kumpa mwimbaji pesa wimbo ukiwa katikati. Yule mrefu aliuliza kama anawadai. Nilipowaeleza wakapenda, wakasema wimbo wowote tutakaochukua, kutunza lazima kuwemo. Sasa, chuo hakikupi kamera mpaka ujaze fomu ya kueleza kila jambo linaloweza kumdhuru mtu siku ya kupiga picha. Kwenye mstari wa kutunza nikaandika: mtunzaji anaweza kuteleza kwenye majani yenye umande; noti inaweza kupeperuka ikaingia ziwani; mtunzaji anaweza kufilisika. Fomu ikarudi na swali moja: hilo la tatu tutalizuia vipi? Nikajibu kwamba tutatumia noti za kuchora. Ikapita.

Binamu, nakuja kwako na singeli yako. Niseme wazi kwamba ulikuwa na wafuasi. Tatizo lilianzia kwa Mpolandi, ambaye haoni video kuwa video mpaka mtu apunguzwe mwendo, nywele zipepee taratibu na tone la mvua lianguke kama linafikiria. Kamera za huku hupiga fremu 25 kwa sekunde. Ukitaka mtu aelee hivyo huku midomo yake inakwenda sawa na wimbo, unapiga fremu 50, unauchezesha wimbo kwa kasi mara mbili, naye anaufuatisha mbiombio vilevile. Baadaye unaipunguza picha kwa nusu, midomo inaangukia kwenye wimbo wa kawaida, mtu anaonekana kama malaika. Ni ujanja mzuri. Lakini singeli ikiwa imetulia tu inapita mapigo 200 kwa dakika. Izidishe mara mbili uone. Tulimvika yule mrefu vipokea sauti tukamwambia afuatishe. Alianza kutikisika magotini, ikapanda mpaka kidevuni, akavivua akatuambia kwa adabu kwamba kompyuta imeharibika.

Tukaingia kwenye mambo ya hakimiliki, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wanachagua kusomea uhasibu. Huku wimbo mmoja una milango miwili: mmoja ni wa mwenye tungo, yaani maneno na muziki, mwingine ni wa mwenye rekodi. Unabisha hodi kwenye yote miwili. Baba alipendekeza Malaika, wimbo ambao hata mwalimu wetu anaujua, kwa kuwa Miriam Makeba aliuimba, na Boney M. wakaurudia mwaka 1981. Lakini Baba, tukabishe kwa nani? Fadhili William aliurekodi na jina lake likakaa kwenye karatasi. Adam Salim naye akasema ni wake. Na wapo wengine waliotajwa. Dunia nzima imeuimba, na bado ukiuliza mwenyewe ni nani watu wanaanza kugombana upya.

Nikajaribu walio hai. Meneja wa msanii mmoja wa Bongo Fleva, simtaji, alinijibu haraka kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya wimbo mmoja kwa ajili ya kazi ya darasani. Alinitumia bei ya shoo, idadi ya wacheza shoo, aina ya hoteli, na swali kama ukumbi wetu una jenereta.

Baba, aliyetuokoa ni wewe, ingawa ulikuwa unatania. Uliandika: "Basi chukueni Siti binti Saad, huyo hakuna wa kumdaia." Nikaenda kusoma sheria ya huku. Rekodi iliyotolewa kabla ya 1963 imekwisha muda wake. Tungo huhesabiwa miaka 70 tangu mtunzi alipofariki, mpaka mwaka uishe. Siti, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alifariki 1950. Kwa wimbo unaotambulika kuwa ametunga mwenyewe, mlango wa tungo nao ulifunguka 2020 ilipokwisha. Na urefu sasa! Alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zilikuwa zile za mizunguko 78, ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Kazi ya kuikata taarab, iliyotushinda kwa Shangazi, mafundi wa santuri walikwisha kuifanya kabla mwalimu wetu hajazaliwa. Kilichonikaa vibaya ni kwamba mwanamke aliyeanza kwa kutembeza vyungu vya mama yake mitaani anatufaa leo kwa sababu hatuna wa kumlipa. Nilimwambia Mpolandi hivyo, akasema jina lake tuliweke mwanzo kabisa, kubwa, kabla ya majina yetu. Baba, najua utasema kwa kuwa wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, na Shaaban Robert ni wa kwetu Tanga, basi Siti naye nusu ni wetu. Usiseme hivyo mbele ya Wazanzibari.

Tutapiga picha Roundhay Park, karibu na ziwa. Mtaa huohuo wa Roundhay, Oktoba 1888, ndimo Mfaransa Louis Le Prince alimopiga filamu ambayo ni ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Ina sekunde mbili hivi: watu wanazunguka bustanini, na mmoja wao, mama mzazi wa mkewe, anaonekana akirudi kinyumenyume. Bibi, usiniulize ni mkwe gani huyo anayemzungusha mama mkwe wake kwenye majani mbele ya watu. Haikuwa na sauti, kwa hiyo angalau hakusumbuka kutafuta wimbo.

Binti wa Bradford ndiye atakayefuatisha maneno. Ameyaandika kwa herufi za Kiurdu na anayatamka vizuri kuliko Binamu. Fidla tumeazima. Udi stoo ya chuo haina, Mpolandi anasema atapiga picha gitaa kwa mbali na ukungu utasaidia. Kinachobaki ni mavazi, na hapo, Shangazi, nakuangukia miguuni. Nitumie doti nne za kanga, zisizofanana, kwa yule jamaa anayesafiri mwisho wa mwezi. Ila maneno ya kwenye kanga nichagulie ya amani. Mwalimu hasomi Kiswahili, lakini video hii itafika Tanga, na mama wa nyumba ya pili anasoma.