Ada Hakuna, Onyesha Salio

Kijana wetu anatafuta uzamili wa fiziolojia na patholojia, wenye ubora na wa bei poa. Wataalamu wa kijiweni wamemwelekeza Ujerumani: vyuo vingi vya umma havitozi ada. Kweli kabisa. Ila ubalozi, kwa viwango vya 2025, unataka kwanza kuona euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, achote 992 kwa mwezi. Hapo fiziolojia inaanza kwa vitendo: moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka. Jimboni Baden-Württemberg, wao tangu 2017 huwatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula; angalau hawazunguki. Mjomba aliyeahidi kuuza kiwanja, simu yake haipatikani. Mwanangu, kabla hujalipia tafsiri ya vyeti, pita chuo cha Muhimbili uulize ada.